Hesabu Isiyoruka Mstari

Barua ya kupangiwa kazi ikitaja Bute, nyumbani hakuna anayepiga vigelegele. Mama hunyamaza kwanza. Mjomba huuliza kama hakuna mtu ofisini anayeweza kusemeshwa, jambo libadilishwe. Jumapili yake unapita mbele ya kanisa uombewe, na wazee wanakuwekea mikono kwa muda mrefu kuliko wanavyomwekea anayekwenda Nakuru au Kisii. Halafu unaondoka. Unavuka Mto Tana pale Garissa, unafika Wajir, na kutoka Wajir unaelekea kaskazini, upande wa mpaka wa Ethiopia, katika nchi tambarare isiyo na hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima, hadi vilima vya Bute na Gurar vinapojitokeza. Umefika Wajir Kaskazini. Wewe ni muuguzi, au mwalimu wa hisabati, au askari, au fundi wa mawe uliyefuata kandarasi. Wewe ni Mkristo, na hapa Wakristo ni wachache mno.

Makala hii ni yako. Wengine wasome pia, lakini nikiandika nakuona wewe, jioni baada ya kazi, umekaa nje ya chumba chako cha kupanga, simu mkononi, mtandao unakuja na kupotea, na moyoni unajihesabia miezi iliyobaki kabla ya kuomba uhamisho.

Nakwambia furaha inawezekana Bute. Haingojei uhamisho. Haingojei likizo ya Desemba utakapopanda basi la kwenu. Inawezekana hapo ulipo, ila haiokotwi njiani: inachaguliwa, na anayeichagua lazima awe na ujasiri wa kuhesabu kila kitu, cha kuliza na cha kushukuriwa, bila kuruka mstari.

Nitaanza na cha kuliza, kwa sababu wako wahubiri wanaotutaka tukiruke. Wanasema Mkristo wa kweli halii, na kwamba machozi ni upungufu wa imani. Wanamwambia mjane kaburini aseme haleluya kabla mchanga haujakauka. Huo ni ukatili uliovaa joho. Bwana Yesu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, naye alijua vizuri atakalotenda dakika chache baadaye. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu usiku kucha, na kitabu kizima cha Biblia kinaitwa Maombolezo. Furaha inayodai tusahau waliouawa haistahili kuitwa ya Kikristo, na huku Kaskazini Mashariki haiwezi kudumu hata wiki moja, kwa kuwa waliouawa ni wengi na tunawajua.

Basi tuhesabu. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, watu wenye bunduki na maguruneti walishambulia ibada Garissa, katika kanisa la AIC na katika kanisa kuu la Kikatoliki. Watu 17 wakafa. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatenganishwa kwa dini, na 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36 waliuawa karibu na Mandera usiku, kambini kwao. Kisha ikaja tarehe 2 Aprili 2015. Ilikuwa Alhamisi Kuu. Kabla ya jua kuchomoza, watu wanne wenye silaha waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, na miongoni mwa wa kwanza waliokutwa na risasi ni wanafunzi wa Kikristo waliokuwa wameamka alfajiri kuomba. Hesabu ya waliokufa ilifika 148. Mnamo Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji, madarasa yakabaki na watoto bila mtu ubaoni.

Nimeyataja haya kwa tarehe na idadi kwa makusudi. Wazazi wa wale wanafunzi waliuza ng'ombe, walikopa kwenye chama, walifanya harambee ili mtoto afike chuo kikuu. Ukisikia mtu anahubiri furaha na hataki kusikia habari zao, mwache aende zake.

Lakini sasa, ndugu yangu, usifunge daftari. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaandika upande mmoja tu wa ukurasa, kama mwenye duka anayeandika madeni bila kuandika malipo, halafu tunashangaa kwa nini moyo umefilisika. Muuaji wa Garissa alitaka tukumbuke kitu kimoja tu kuhusu siku ile. Ukikubali kukumbuka hicho kimoja peke yake, umemwachia kalamu.

Soma upande wa pili. Siku ile ya Alhamisi Kuu zaidi ya wanafunzi 500 walitoka hai. Binti mmoja wa miaka 19 alikaa kabatini zaidi ya siku mbili, amejifunika nguo, akinywa mafuta ya kujipaka kwa kukosa maji, akiomba, na alipotolewa ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pasaka. Kesho yake, tarehe 5 Aprili, Wakristo wa Garissa walikwenda kanisani. Walikwenda! Wanajeshi walikuwa wamesimama mlangoni na bunduki, mji ulikuwa unanuka msiba, waumini wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, na hao waliobaki wakavaa nguo zao za sikukuu, wakaingia kuadhimisha ufufuo. Hakuna aliyewalazimisha, na kulala nyumbani siku hiyo kusingekuwa dhambi. Walichagua. Ukitaka kujua furaha ya kuchagua ina sura gani, tazama hao waumini wa Garissa wakipekuliwa mlangoni mwa kanisa lao asubuhi ya Pasaka.

Upande huo wa pili una majina mengine ambayo Mkristo hawezi kuyaruka akabaki mkweli. Baada ya makanisa kushambuliwa mwaka 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watashirikiana na Wakristo kulinda makanisa. Soma tena: waliamua kulinda makanisa. Na tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lililokuwa likienda Mandera lilipovamiwa na abiria kuamriwa wajitenge, Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewavisha wenzao Wakristo ushungi na hijabu. Abiria wakawaambia wavamizi kwamba wakiua basi wawaue wote kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya Mandera, Mwislamu, baba wa watoto. Alipigwa risasi. Alifariki Nairobi mnamo Januari 2016 akitibiwa jeraha hilo, na Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani ya taifa baada ya kifo chake. Kisa hicho kiliigizwa katika filamu fupi ya Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Sasa niambie: mwalimu wa kutoka Kakamega au Machakos aliyepangiwa Bute, anayepita kila asubuhi katikati ya watu wa dini ya Salah Farah, anawezaje kumshukuru Mungu kwa uhai bila kuwashukuru hao? Mungu huwalinda watu kwa mikono ya watu. Ukiona Mungu amekuhifadhi, tafuta mkono aliotumia, kisha uushike. Shukrani inayopaa juu kwenda mbinguni ikampita jirani bila kumsalimu imepotea njia. Na nimeona jambo hili kwa Wakristo wengi waliokaa kaskazini: yule aliyeanza kushukuru kwa majina, kwa mama anayemletea maziwa ya ngamia, kwa mzee aliyempigia simu kumwonya asisafiri siku fulani, chuki ilimtoka polepole. Chuki na shukrani haziwezi kulala chumba kimoja kwa muda mrefu, moja lazima ihame. Wahenga walisema moyo usio na shukrani hukausha mema yote, na moyo uliokauka ndio moto wa kigaidi unaoutafuta.

Nataka nikae kidogo na mwanamke mmoja, kwa sababu kila nikitafuta mfano wa furaha iliyochaguliwa katika Wajir, narudi kwake. Anaitwa Annalena Tonelli. Alizaliwa Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943. (Tarehe hiyo hiyo, miaka 72 baadaye, ndiyo iliyokuja kuwa ya msiba wa Garissa.) Alifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana, na muda si muda akawa Wajir. Hakuwa mtawa, wala hakuwa na shirika kubwa nyuma yake. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida aliyependa maskini. Mwanamke, mweupe, Mkristo, asiyeolewa: kila kimoja kati ya hivyo kilitosha kumfanya asiaminiwe katika mji ule wakati ule.

Kilichokuwa kikiwamaliza watu ni kifua kikuu. Dawa zilikuwapo, lakini matibabu yalidai mgonjwa akae mahali pamoja kwa miezi mingi, na mfugaji hawezi kukaa mahali pamoja wakati ngamia wake wanafuata malisho. Wengi walianza dawa wakaziacha, ugonjwa ukarudi ukiwa mkali zaidi. Annalena alifanya jambo ambalo ukilisikia leo unaona ni rahisi, lakini wakati ule halikuwa la kawaida: aliwaambia wagonjwa waje na vibanda vyao. Manyatta ya wagonjwa wa TB ikasimama Wajir katikati ya miaka ya 1970. Mgonjwa akawa anaishi kwake, na jamaa zake, huku akimeza dawa kila siku mbele ya anayemhudumia mpaka apone. Wakati dunia ilipokuja kukubaliana juu ya mtindo wa kumtazama mgonjwa akimeza dawa, Wajir ilikuwa imekwisha kuuishi.

Kisha ukaja Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama, wakapelekwa kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakawekwa juani bila maji, wengi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo: serikali ilikiri watu 57, na wenyeji wanataja mamia na hata maelfu. Waliouawa walikuwa Waislamu, na hao waliowaua walikuwa wamevaa sare ya taifa letu, kwa hiyo anayefikiri kwamba machozi ya Kaskazini Mashariki yalianza na mashambulizi ya kundi la Al-Shabaab hajasoma historia ya jirani yake. Annalena alitoka kwenda kuwatafuta waliokuwa bado wanapumua, akawafunga majeraha, akawazika wafu, na akasaidia habari zitoke nje ya nchi. Kwa sababu hiyo hakuweza kubaki Kenya. Akaenda Somalia, katikati ya vita na njaa, na hatimaye Borama, akatibu TB huko. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi na waliohamishwa na vita. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi ndani ya hospitali aliyoijenga Borama, akafa.

Alipoalikwa Vatikani mwaka 2001 kueleza maisha yake, mtu angetarajia orodha ya mateso. Aliyoyasema yalikuwa ya mtu aliyeyachagua maisha hayo tangu utotoni na aliyeyaona kuwa zawadi. Hakuwa mjinga wa mambo. Alikuwa amepigwa, ametishwa, ameona maiti Wagalla. Alihesabu yote, na hesabu yake ikatoka na shukrani.

Usiniambie basi kwamba furaha ni ya watu wenye mambo mepesi. Tazama ni akina nani walioimba katika historia ya imani yetu hapa Afrika Mashariki. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala mnamo Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, mwili wake usikabidhiwe kwa kanisa lake. Waumini walikusanyika Namirembe Jumapili iliyofuata, bila maiti ya kuzika, wakaimba. Watu wa Uamsho, waliotoka Rwanda na Uganda na wimbo wao wa Tukutendereza katika miaka ya 1930, waliuimba Kenya hata wakati wa Hali ya Hatari, wakikataa kula kiapo na vilevile wakikataa kuwachukia waliokula. Wimbo huo bado unaimbwa katika nyumba za walimu na kambi za polisi, kila mahali wanapokutana Wakristo watatu waliotoka mbali. Ukisikia mtu anausema kuwa wimbo wa watu waliostarehe, mwulize ameusomea wapi.

Sasa tuje kwenye jambo la ukame, ambalo Bute inalijua kuliko vitabu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini, mingi ikiwa ya kaunti hizi za kaskazini. Mizoga ilitapakaa barabarani. Mzee aliyekuwa na ng'ombe mia akabaki na fimbo. Watoto waliacha shule kufuata wazazi waliofuata maji, mitungi ya njano ikapangwa foleni ikingojea lori la maji, na ngamia, mnyama tuliyezoea kusema hashindwi na kiu, naye akaanguka. Halafu, mwishoni mwa 2023, mvua ikanyesha kwa hasira, mafuriko yakakata barabara ya kuingia Garissa, na mali kidogo iliyokuwa imebaki kwa watu wengi ikachukuliwa na maji.

Kuna nabii mmoja mdogo, kitabu chake ni cha sura tatu tu, ambaye ninaamini angeielewa Bute siku ya kwanza. Habakuki alianza kwa kumgombeza Mungu waziwazi kwa kuutazama udhalimu na kunyamaza. Alimaliza kwa kutaja, kimoja baada ya kingine, vitu vinavyoweza kukosekana: matunda ya miti, mazao ya shamba, kondoo zizini, ng'ombe zizini. Akasema kwamba hata hivyo atamfurahia Mungu wake. Nikisoma mstari ule wa mazizi matupu, nauona uso wa mfugaji wa Wajir. Habakuki hakusema mazizi yatajaa kesho, wala hakusema kwamba ng'ombe hawana maana. Alilitazama zizi likiwa tupu, akalitaja kwa jina, halafu akachagua. Wakristo wa mijini wanaojifunza kushukuru kwa ajili ya magari na vyeo wangefaa kukaa mwaka mmoja huku, wajue sura hiyo iliandikwa kwa watu gani.

Na Hajiri? Mama yule aliyefukuzwa, aliyemweka mtoto wake chini ya kijiti nyikani ili asimwone akifa kwa kiu. Jirani zako wa Kiislamu wanamheshimu kama mama yao, na wanakwenda Makka kuikumbuka kiu yake. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alipomsikia mtoto akilia, alimfumbua macho mama, akaona kisima. Kuna watu wanasali wapewe kisima kipya, na ombi lao la kweli lingekuwa kufumbuliwa macho. Ndugu, kuna visima Bute usivyoviona kwa sababu umekaza macho kwenye barabara ya kurudi. Mwanafunzi wako wa darasa la sita aliyejifunza kugawanya sehemu juzi. Mama aliyejifungua salama saa nane za usiku, mikononi mwako, umbali mrefu kutoka hospitali kubwa. Mwenye duka aliyekukopesha unga mshahara ulipochelewa, asikuulize dini yako. Anga ya usiku ya kaskazini, yenye nyota ambazo Nairobi ilizizima zamani kwa taa zake.

Hapo natarajia swali. Je, kushukuru huku si kukubali kuonewa? Si ndiyo njia ya kuwanyamazisha walimu wasidai ulinzi, wauguzi wasidai marupurupu ya mazingira magumu, raia wasiulize kwa nini msaada ulichelewa siku ile ya Garissa?

Nakujibu kwa Matendo ya Mitume sura ya 16, na ninaomba usome hadi mwisho, maana wengi huishia katikati. Paulo na Sila walipigwa viboko Filipi bila hukumu, wakatupwa gereza la ndani, miguu ikafungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane wakaimba. Sehemu hiyo tunaijua, tunaihubiri kila mwaka. Lakini kulipokucha, wakuu wa mji walipotuma watu kusema waachiliwe waende zao kimyakimya, Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, na sasa wanataka kutolewa kwa siri? Waje wenyewe wawatoe! Na wakuu wakaja, wakawasihi. Mtu aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki yake asubuhi, na mgongo wake ulikuwa bado una damu. Kuimba hakukumlegeza hata kidogo. Baadaye, akiwa kifungoni mahali pengine, aliliandikia kanisa la Filipi barua ambayo imejaa furaha kuliko barua zake nyingine zote.

Kwa hiyo dai ulinzi. Andika barua, jiunge na chama chako cha wafanyakazi, uliza kuhusu msafara wa polisi kabla ya kupanda basi, na usimruhusu mtu yeyote akuambie kwamba kudai uhai wako ni kukosa imani. Mtu mwenye shukrani anajua thamani ya alichopewa, ndiyo maana hakubali kichezewe. Wanaokata tamaa ndio wasiodai chochote.

Haya, tuanze kazi. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mtajie Mungu kinachokuuma, kwa jina lake halisi, bila kukipaka sukari. Kama ni hofu ya safari, sema hofu. Kama ni upweke, sema upweke. Kama kuna rafiki yako aliyeuawa, mtaje. Kisha, kabla hujasema amina, taja watu watatu waliokutendea wema wiki hii, kwa majina, na mmoja wao awe mwenyeji. Ukikosa watatu, hukutazama vizuri. Amka kesho utazame. Halafu, na hapa ndipo wengi huchoka, nenda umwambie mmoja wao. Kisomali cha asante ni mahadsanid, na huko Bute utasikia na Kiborana pia, kwa hiyo ongeza bidii kidogo ujifunze. Mwambie mama wa maziwa kwamba maziwa yake yamekutunza. Mwambie mlinzi wa shule kwamba unalala kwa sababu yeye yuko macho.

Jumapili, msimwache mtu akae peke yake. Mtakuwa wachache, na chumba kitakuwa cha mmoja wenu, na huenda mchungaji atakuwa sauti tu kwenye simu. Imbeni hata hivyo, kwa adabu ya mgeni, lakini imbeni kwa kinywa wazi. Toeni sadaka ya shukrani, na mwaka huu naomba sehemu ya sadaka hiyo msiipeleke popote: nunueni madaftari ya mtoto wa Kiislamu ambaye mifugo ya baba yake iliisha katika ukame, mpeni bila masharti na bila mahubiri. Salah Farah hakumuuliza mtu kadi ya ubatizo.

Nanyi makanisa ya Nairobi, ya Kisumu, ya Nyeri, ya Mombasa, mliowawekea mikono watoto wenu mkawatuma kaskazini: msiishie kwenye kuwaombea wasife. Wapigieni simu Jumatano, si siku ya habari mbaya peke yake. Waulizeni wamefurahia nini. Wakija likizo, wapeni nafasi mbele ya kanisa waeleze mema ya Bute, na mtulie msikilize, hata kama mlikuwa mnangojea habari za kutisha. Mtashangaa ni kiasi gani mtu hujenga furaha yake akijua kuna watu wanaotaka kuisikia.

Wewe wa Bute, fomu ya uhamisho ni haki yako, ijaze ukiona imefaa. Ila usiishi huko kama mtu ambaye bado hajafika. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo Wakristo na Waislamu wanasoma humo pamoja. Wewe nawe Jumatatu una darasa, au zamu ya wodi, au ukuta wa kumalizia. Nenda ukiwa umekwisha kushukuru.